Wimbo Uliorekodiwa kwa Betri Zilizochoka

Kosa langu la kwanza katika kazi ya sauti ni kwamba niliunyoosha wimbo wa shangazi yangu. Nasema wa shangazi yangu, ingawa aliyeuimba ni mwanamke wa mbali ambaye hajui kama Koboko, mji wa shangazi huku mpakani Uganda, ipo. Ni wimbo wa miaka ya themanini, wa dakika nne na kitu, na kwetu ulifika ndani ya kaseti. Jina lake nimeliandika hapa mara mbili na mara mbili nimelifuta. Ukilijua utakwenda kuutafuta kwenye simu, na utakaoupata huko si huu ninaotaka kuusimulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nimepanga chumba Arua, upande wa kuelekea Ayivu, nikasimamisha magodoro ya zamani ukutani na kukiita studio. Hakuna aliyenifundisha. Nilichojua nilikipata kwa kutazama video za watu nisiowajua, umeme ukiwepo, na kwa kurudia kitu kimoja mpaka masikio yaume. Nilirekodi kwaya za kanisani, kaswida, matangazo ya maduka, na vijana waliokuja watatu kwa kipaza sauti kimoja. Kazi za watu nilizimaliza kwa sababu walikuwa wanakuja kugonga mlango. Zangu mwenyewe hazikuwa na wa kugonga. Kwa miaka miwili sikumaliza hata moja. Kila nilipokaribia mwisho nilisikia kasoro, nikiitengeneza inazaa nyingine. Mama alikuwa akisema mimi ni mtu wa kufua shati mpaka kola ikatike.

Wimbo wenyewe niliujua kabla sijajua kuongea vizuri. Ulikuwa ukichezwa nyumbani kwa shangazi huko Koboko, dada mkubwa wa baba yangu, tulikokwenda kila likizo. Unaanza na mashine ya ngoma peke yake. Aliyeutengeneza hakujaribu kuificha mashine ile ionekane kama mtu anayepiga. Aliiacha ijulikane ni mashine. Pigo la chini ni fupi na kavu, kama kiganja juu ya mlango wa bati. Juu yake kuna kofi, na kofi hilo limepewa mwangwi mkubwa unaokatwa kabla haujatawanyika, kama vile mtu amefungua mlango wa ukumbi mkubwa na kuufunga papo hapo. Nilitumia miezi kujifunza kukata mwangwi namna ile. Bado wangu hukatika kama uzi, wa kwake unakatika kama mua.

Halafu inaingia besi, nayo ni ya kinanda. Inapiga noti tatu. Tatu tu, wimbo mzima. Mimi nikitengeneza besi naweka noti kumi na nne na bado naona pana tundu.

Sauti ya yule mwanamke imerekodiwa mara mbili, moja juu ya nyingine. Ukivaa hedifoni unasikia kwamba ni wanawake wawili ambao ni mmoja: wa kushoto anavuta pumzi mapema kidogo, wa kulia anachelewa kulifunga neno. Mtayarishaji angeweza kumwambia aimbe tena mpaka zilingane. Hakumwambia, au alimwambia kisha akaona ni bure. Zikilingana kabisa zingekuwa sauti moja yenye nguvu. Zikiachana kidogo hivi, zinajaza chumba. Na katika ubeti wa pili linaingia gitaa safi, linalotikisika kama kitu kinachoonekana ndani ya maji. Linapiga mara nne na kuondoka. Halirudi tena. Nilipokuwa mtoto nililisubiri kila mara, nikiamini leo litarudi. Mtu mwenye gitaa zuri kama lile, akalitumia mara nne peke yake, huyo ana moyo ambao mimi sikupewa.

Lakini nilipopapenda kuliko pote ni mwisho. Kiitikio kinarudiwa, na kila kinaporudi kinapanda. Mwendo unaongezeka kidogo kidogo, sauti ya mwimbaji inazidi kuwa nyembamba na ya furaha, mpaka unaona kama wimbo wote umenyanyuka kutoka chini na mtu ameusahau huko juu.

Mwisho ule ulikuwa na kazi. Katika ukoo wetu, siku ya harusi, baada ya alasiri, wanawake wa upande wa bwana arusi huja na sinia za chakula zilizofunikwa kwa makawa ya rangi, na wanawake wa upande wa bibi arusi huzipokea mlangoni. Wengine huzipokea kwa ngoma. Shangazi na wenzake wanne walizipokea kwa wimbo huu. Walikuwa wasichana pamoja ng'ambo ya mpaka, wakati watu wetu walipokuwa wakimbizi upande wa Zaire, na hatua za mchezo wao walizitunga huko. Wanasimama mstari mmoja, sinia zinapita juu ya vichwa vyao kutoka mikono hadi mikono, na kwenye kiitikio kile kinachopanda, sinia ya mwisho inapokelewa kwa kuzunguka, wote watano kwa pamoja, bila kumwaga mchuzi. Nimewaona wakizunguka hivyo tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni.

Binti wa kati wa shangazi alipokaribia kuolewa, shangazi alinipa kaseti. Redio yake ilikuwa imeanza kutafuna tepu.

"Wewe ndiyo iko na masomo ya kompyuta," alisema. "Niwekee kwa flashi. Lakini usiguse wimbo."

"Siugusi, Shangazi."

Niliugusa. Niliiingiza kaseti kwenye kompyuta, nikaisikiliza kwa hedifoni kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nikaona aibu. Ilikuwa na mchakacho kama mvua juu ya mabati. Katika ubeti wa pili kulikuwa na mtu anakohoa. Kisha nikautafuta wimbo ule mtandaoni, nikaupata, na nikagundua kwamba kaseti yetu ilikuwa ikiimba juu na haraka kuliko ilivyotakiwa. Tena haraka hiyo haikuwa sawa, ilikuwa ikiongezeka kuelekea mwisho. Nikasema huu ni ugonjwa wa tepu kuzeeka. Nikatumia wiki tatu kuitibu. Niliondoa mchakacho. Nilikifuta kikohozi, kazi iliyonichukua siku nzima. Niliushusha wimbo mpaka ukalingana na ule wa mtandaoni, kisha nikaunyoosha kutoka mwanzo hadi mwisho, pigo kwa pigo, uwe na mwendo mmoja.

Nitakiri na mengine, maana hayo peke yake yangeweza kusameheka. Nakala ya kwanza, ile chafu, niliifuta. Sikutaka hata mimi mwenyewe niione kwenye kompyuta yangu. Na kaseti niliifungua kwa bisibisi ili niisafishe ndani kwa spiriti, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba inawezekana. Tepu ilitoka yote, ikajikunja miguuni pangu, na nilipojaribu kuirudisha ikakatika mara tatu. Sikuhangaika. Nilikuwa na nakala bora, nilijiambia.

Siku ya harusi spika zilipoanza, nilisimama kando. Pigo la chini lilitoka safi kama maji ya kisima. Nilijivuna kwa muda wa mapigo manane.

Shangazi alinyanyua mguu, akaushusha, ukafika kabla ya pigo. Wenzake nao. Walitazamana. Walipoanza kuimba wakajikuta juu ya wimbo, wakashuka kuufuata, na huko chini makoo yao hayakuwa na njia. Mwanamke mmoja mnene wa upande wa bwana arusi, sinia ikiwa kichwani, aliuliza kwa sauti, "Wimbo iko na malaria?"

"Hapana," mwenzake alimjibu, "ni wenye nyumba. Wamechoka mbele ya chakula."

"Basi tuweke chini, tungoje wapone."

Wageni wakacheka. Ilikuwa dhihaka ya harusi, ya kawaida, ambayo siku nyingine ingejibiwa vizuri sana. Siku ile miguu ya akina shangazi ilikuwa bado ikilitafuta pigo. Kiitikio cha mwisho kilifika na hakikupanda. Kilirudi, kikarudi, kikafifia kwa adabu. Sinia ya mwisho ilibaki hewani kwa sababu hakuna aliyejua azunguke lini. Shangazi aliichukua mwenyewe, akaingia nayo ndani moja kwa moja, kama mtu anayetoa vyombo.

Hakunigombeza. Jioni aliniuliza jambo moja tu: "Kaseti yangu iko wapi?"

"Iko Arua, Shangazi. Iko salama."

Uongo huo niliuishi mwaka mzima. Nilikuwa nikiona simu yake inaita, naiacha iite. Kisha binti yake wa mwisho akachumbiwa, na siku moja nilipokea kwa bahati mbaya.

"Nimeazima redio," alisema. "Leta kaseti. Baada ya mtoto huyu sina mwingine wa kutoa. Na mwenzangu goti yake haitangoja wajukuu."

Nilipanda gari la Koboko keshoye asubuhi. Njia nzima nilipanga maneno na kuyapangua. Niliwakuta wote watano uani wakimenya karanga, jambo ambalo sikulipanga, kwa hiyo nilisema mbele yao wote: kaseti imekatika, niliikata mimi, nakala nimeifuta, nilidanganya.

Shangazi aliendelea kumenya. Alimaliza zilizokuwa mkononi.

"Basi," alisema, "tutapokea na ngoma kama watu wengine."

Ningependa kuandika kwamba alilia, maana hapo ningekuwa na cha kufanya. Aliniagiza tu nisogeze beseni. Nikalisogeza. Nilikaa pale nikimenya karanga pamoja nao, sijui niondoke vipi, mpaka nikasema jambo la kijinga: kama wangeniimbia wimbo wenyewe, jinsi walivyokuwa wakiusikia kwenye kaseti, pengine ningeweza kuutengeneza tena.

"Tuimbe hivi, bila redio?" alisema yule mwenye goti bovu. "Mutu akipita atasema wamama wamepandwa na kitu."

"Wewe kwani haujapandwa?" mwingine alimuuliza.

Shangazi hakucheka. Lakini alianza kupiga beseni kwa kiganja, pigo fupi, kavu. Wenzake wakaingia. Niliweka simu chini, juu ya maganda ya karanga, nikarekodi.

Nilikuwa nimedhani wataimba maneno. Waliimba kila kitu. Mmoja alikuwa na besi, zile noti tatu, kwa mdomo uliofungwa. Kofi lilipigwa na wote, na baada ya kila kofi walikuwa wakikata pumzi, wakifanya mwangwi ule unaokatwa, ambao mimi nilidhani nimeugundua peke yangu mbele ya kompyuta. Katika ubeti wa pili gitaa lilipita kwenye meno ya shangazi mara nne likaondoka. Na papo hapo yule mwenye goti akakohoa.

Nikamuuliza kama anataka maji.

"Si mimi. Wimbo ndiyo inakohoa."

"Ilikuwa mama yake," shangazi alieleza. "Alikuwa na kifua. Tulimwambia akae ndani, akakataa."

Kwenye kiitikio cha mwisho waliongeza mwendo. Walipomaliza nilisema, kwa upole wa fundi anayejua kazi yake, "Shangazi, hapo mwisho mnakimbia."

"Hatukimbii. Wimbo inapanda, sisi tunafuata."

"Ule wa asili haupandi."

"Huyo wa asili mimi simjui," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alinitazama. Kisha akanieleza jinsi kaseti ilivyopatikana. Ilikuwa ya dereva wa lori aliyesimama kijijini kwao, ng'ambo, kutengeneza gurudumu. Aliwaazima kwa saa chache. Baada ya sala ya alasiri angeondoka. Waliweka redio mbili zikitazamana, moja ya kuimba na moja ya kurekodi, wakawafukuza watoto na kuku. Redio ya kurekodi ilikuwa na betri za zamani. Walizianika juani tangu asubuhi zipate nguvu kidogo. Nyingine hazikuwepo, na dereva alikuwa ameshaanza kukaza nati.

Nilikaa na maganda ya karanga mapajani nikaelewa. Redio iliyorekodi ilikuwa inakufa. Tepu ilikuwa ikipita ndani yake polepole kuliko kawaida, kwa hiyo kwenye redio nzima wimbo ulitoka haraka na juu. Na kadiri betri zilivyochoka, tepu ilizidi kupita polepole, na wimbo ukazidi kupanda. Mahali nilipopapenda kuliko pote katika wimbo ule, mahali paliponifanya nitake kazi hii, hapakutengenezwa na mtayarishaji yeyote. Yalikuwa mauti ya betri nne, na wasichana watano wakayatungia hatua.

Niliwaeleza. Walisikiliza kwa makini, kisha mwenye goti akasema, "Sasa kumbe tungekuwa na betri nzuri tungecheza kama wazee," na huyo ndiye aliyemfanya shangazi acheke.

"Nipe nafasi, Shangazi," nilisema.

"Redio ni ya kuazima, kaseti hakuna," alijibu. "Nafasi ndiyo iko peke yake. Chukua."

Nilirudi Arua na harusi ikiwa imebaki wiki tano. Niliuchukua wimbo wa mtandaoni na kuanza kuuharibu kwa makusudi, kazi ngumu kwa mtu wa tabia yangu. Kuuharakisha ulikuwa mwanzo tu. Kupanda ndiko kulikonishinda. Nilikuwa na rekodi ya simu kutoka uani, nikaipima pigo kwa pigo. Lakini walikuwa wameimba mara tatu, na mara zote tatu walipanda kwa namna tofauti kidogo. Nilitengeneza matoleo kumi na moja. La nne lilipanda kama ngazi. La saba lilipanda vizuri likafika juu mapema, likakaa huko halina la kufanya. Kila Ijumaa nilikwenda Koboko na spika ndogo, wanasimama uani, wananyanyua beseni tupu badala ya sinia, na mimi natazama miguu yao badala ya kompyuta. Hilo lilikuwa jipya kwangu. Mguu hauna adabu. Ukikosea unaambiwa palepale.

Katika kuurudia mara mia namna ile nilikuja kumpenda upya mtayarishaji wa asili. Wimbo wake, ukiuacha kwa mwendo wake, ni mzuri pia, mtulivu, wa mtu anayetembea barabarani asubuhi bila haraka. Noti zake tatu za besi zilivumilia kila nilichozifanyia. Nikiharakisha, zinabaki wazi. Nikipandisha, zinabaki na uzito. Wimbo uliojazwa vitu kama ninavyojaza mimi ungekuwa uji baada ya toleo la pili. Nafasi aliyoiacha ndiyo iliyowezesha betri mbovu, kikohozi cha mama mmoja na mvua ya tepu kuingia bila kuuvunja.

Siku tatu kabla ya harusi shangazi alipiga simu.

"Iko tayari?"

"Bado kidogo."

"Kidogo gani?"

"Pale kabla ya kiitikio cha mwisho inapanda mapema. Kama pumzi moja."

"Pumzi moja," alirudia. Nilisikia anamwambia mtu aliye karibu naye: anasema pumzi moja. Kisha akanirudia. "Mtoto ya ndugu yangu, harusi iko Jumamosi. Leta pamoja na hiyo pumzi."

Sijawahi kutoa kazi nikijua kasoro yake iko wapi. Jumamosi ile nilipobonyeza kitufe nilijua, mpaka sekunde yenyewe, mahali itakapowakwaza. Wageni walikuwa wameshafika mlangoni na sinia zao. Pigo la kwanza lilipotoka, miguu mitano ilishuka pamoja nalo. Waliimba na wimbo ukawa palepale makoo yao yalipozoea. Katika ubeti wa pili wote watano walikohoa, na wageni wakageuka kutafuta mgonjwa.

Pumzi ile ilipofika, niliiona. Wimbo ulipanda kabla yao. Yule mwenye goti alinirushia jicho ambalo sitalisahau, shangazi akasema neno moja fupi bila kugeuza kichwa, na mstari mzima ukafupisha hatua moja. Wakaudaka. Ukapanda, ukapanda tena, sinia ya mwisho ikaja hewani, wakazunguka.

"Hawa wamekula nini?" alisema mwanamke mmoja wa upande wa bwana arusi.

"Betri," mwenye goti alimjibu huku akihema, na hakuna mgeni aliyeelewa.

Baadaye nilimpelekea shangazi maji pale alipokaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Aliyanywa yote kwanza.

"Si ile," alisema.

"Najua, Shangazi. Ile niliikata."

"Uliikata," alikubali. "Lakini hii imetufikisha. Niwekee kwa flashi, na usiirudie."

Sikuirudia. Toleo lile la kumi na moja ndilo analo mpaka leo, pamoja na pumzi yake. Siku hizi sauti yoyote inayoingia chumbani kwangu naihifadhi kama ilivyo, mahali pawili, kabla sijagusa kitu. Namuuliza aliyeileta itachezwa wapi na nani, na nikiweza nakwenda kutazama. Nyimbo zangu nazimaliza: mwaka huu nimetoa nne, kila moja ikiwa na kasoro ninayoweza kukuonyesha kwa kidole. Usingizi bado unanipotea siku moja au mbili baada ya kutoa. Zamani ulikuwa unanipotea na wimbo hautoki.